Kikohozi cha Kila Jioni

4 Februari

Dada mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itawakuta salama wewe na Baba. Sisi huku hatujambo, ni neema tu. Wifi yako anakusalimu. Bado yuko pale pale kwenye duka la dawa, wanamsimamisha tangu asubuhi mpaka miguu inavimba. Kadogo ameanza darasa la kwanza na ameshamwambia mwalimu wake kwamba babu yake alikuwa redio. Mwalimu akaniita kuniuliza. Ikabidi nimweleze kwamba babu yake alikuwa kinyozi, na Redio ni jina alilopewa na wateja, maana ukikaa kwenye kiti chake ulikuwa unanyolewa na kuhutubiwa kwa wakati mmoja. Mwalimu alicheka sana. Sikumwambia habari za kiharusi.

Kwenye kifurushi utakuta dawa za presha, nepi, mafuta ya kumchua mkono na kitambaa ulichoniagiza. Ndiyo faida ya kufanya kazi kwenye ghala la vifurushi, angalau mzigo wenu hauachwi mvuani. Barua nimeiweka juu kabisa kwa sababu najua Baba anapenda kuishika mwenyewe kabla hujamsomea.

Karatasi hii ya pili ni yako peke yako, usimsomee.

Dada, ule ujumbe wa sauti niliokutumia, tumia huo huo kila jioni. Nimeupanga vizuri. Mwanzo namwamkia, namwuliza ameshindaje, naacha kimya kidogo ili naye ajibu, ndipo naomba. Kazi yako ni kubonyeza na kumwekea simu sikioni. Unajua ile saa ya jioni ndiyo saa ya kundi letu la maombi la kwenye simu, na mimi ndiye ninayeongoza. Watu wananisubiri, wengine wako ng'ambo, siwezi kuwa sehemu mbili. Kwa njia hii Baba hakosi maombi hata siku moja, mtandao uwepo usiwepo. Hakuna haja ya kumchanganya kichwa na mambo ya ufundi. Mwambie ni mimi. Si uongo, ni mimi kweli.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa huyo mwanafunzi. Habari za kwenye maboksi yenu? Kifurushi kimefika bila kulowa. Kitambaa niliagiza bluu ya sare za shule, wewe umeniletea bluu ya harusi. Nakaa nacho, pengine atajitokeza bibi harusi.

Mimi sijambo. Cherehani imekatika mkanda, nimeufunga kwa uzi wa viatu na inakwenda hivyo hivyo kwa kulalamika, kama mwenyewe. Kiti cha kinyozi tumekiingiza chumbani kwa Baba, maana mahali pengine hapati raha. Anakaa humo mchana kutwa akijiangalia kwenye kioo.

Baba ana nafuu. Mguu bado, mkono wa kulia bado, lakini maneno yanaanza kurudi moja moja. Ukitaka kujua anavyoyathamini maombi yako, ni hivi: kila jioni kabla ya simu ananidai shati la Jumapili. Lazima nimnyoe ndevu, nimvalishe, nimfunge vifungo mpaka cha juu. Nikamwambia, "Baba, mwenyewe hakuoni." Akanitolea jicho lile la zamani. Basi namvalisha.

Mchana nao anajisemea peke yake. "Na, na, na." Mimi niko kwenye cherehani, namsikia chumbani, "na, na." Nikamwambia Redio inatafuta stesheni. Alicheka upande mmoja.

Kuna jambo ananisumbua nalo na nimeahidi kuliandika. Anataka kujua kama Kadogo amepelekwa hospitali. Anajigusa kifua kwa ule mkono mzima halafu anaonyesha urefu wa mtoto. Ni kikohozi. Kila jioni ukimaliza kuomba yeye haishii hapo, anafumba macho na kuendelea peke yake, na nikimwuliza anajigusa kifua. Anamwombea mtoto. Mpelekeni basi, nimpe jibu.

Hapa najibu karatasi yako ya pili. Naona haya kidogo ninapomwambia, "Yupo hewani, Baba." Lakini nikishamwekea simu anatulia, na mimi napata muda wa kumaliza mshono. Kwa hiyo silalamiki.

Dada yako


15 Machi

Dada mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Naandika nikiwa na haraka, gari la vifurushi linapakiwa. Wote wazima. Samahani kwa kitambaa, mwenye duka aliniapia kwamba ndiyo hiyo bluu. Kuna mkanda wa cherehani ndani ya boksi, angalia chini ya nepi.

Mwambie Baba asiwe na wasiwasi hata kidogo. Kadogo ni buheri wa afya, hajakohoa tangu mafua yale ya mwaka mpya. Sasa anaruka kamba mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Mwambie babu amechungulia mbali mno.

Kundi la maombi linazidi kukua, Mungu anatenda. Jina langu kazini sasa ni Mchungaji wa Simu. Wananitania, lakini wakipata shida wananifuata mimi. Pasaka sitaweza kuja, nitakuwa naongoza mkesha mtandaoni. Nitakuja mwezi wa saba, Mungu akipenda.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zetu kwenu wote. Mkanda umefika, ahsante, cherehani imenyamaza.

Simu imeingia maji, haiwaki. Usihangaike kutuma nyingine.

Baba hajambo. Shati la Jumapili amelikataa kwa sasa. Mengine tutaandikiana.

Dada yako


20 Aprili

Dada mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Tunaendelea vizuri, wifi yako ameanza kukaa kwenye kiti kazini baada ya kugombana na meneja. Kadogo amechora picha ya Babu na kiti chake, ameweka redio mahali pa kichwa. Usiikunje.

Baba, shikamoo. Pole kwa kukosa maombi siku hizi. Nimewaletea simu mpya, kubwa kuliko ile, sauti yake inasikika mpaka jikoni. Dada atakuwekea. Lakini simu iliingiaje maji jamani?

Hii ni karatasi yako. Dada, barua yako ilikuwa kavu. Umechoka? Kama umechoka sema, nitamwomba mtu wa kanisani hapo aje kukusaidia. Ila usimkatie mzee maombi kwa sababu ya uchovu. Ujumbe nimeshauweka ndani, ukiwasha utaukuta mbele kabisa, huna hata haja ya kutafuta. Ni ule ule, kwa hiyo hatasikia tofauti. Na kama kuna jambo, niambie. Simu iliingiaje maji?

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mchoro umebandikwa kwenye kioo, Baba anauangalia anaponyolewa. Miguu ya wifi inaendeleaje sasa baada ya kupata kiti? Mimi macho yananisumbua, uzi naupitisha kwenye sindano kwa kubahatisha. Baba anakula. Usingizi wake si mzuri.

Simu mpya haijatoka kwenye boksi. Umeuliza kwenye karatasi ya Baba na ukauliza tena kwenye yangu, basi nitakwambia. Barua hii yote ni yako.

Ile barua ya Machi nilimsomea kama kawaida, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye stuli. Nikafika pale unaposema Kadogo hajakohoa tangu mwaka mpya. Nilipasoma kwa furaha, nikijua namtua mzigo. Hakufurahi. Akaniashiria kwa kidole nirudie. Nikarudia. Mimi mjinga sikuelewa chochote.

Jioni nikamvalisha shati, nikabonyeza, nikamwambia kama siku zote, "Yupo hewani, Baba." Ukamwamkia. Ukamwuliza ameshindaje. Safari hii hakujibu, alisubiri tu. Nawe ukasema, "Ashukuriwe Mungu," kama mtu aliyejibiwa. Ukaanza kuomba, ukafika pale unapotaja mkono wa Bwana wenye nguvu, na mtoto akakohoa nyuma yako. Mahali pale pale anapokohoa kila jioni.

Baba akanigeukia. Sijawahi kuangaliwa vile, mdogo wangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananionea haya, kana kwamba amefungua mlango akanikuta sijavaa. Mimi mtu mzima, niliyemwogesha asubuhi ile ile, nikaangalia chini. Yeye akaichukua simu kwa mkono mzima, akaitia kwenye beseni la maji ya kunyolea, taratibu, kama anavyolowesha brashi. Ilikuwa bado inaomba.

Miezi yote ile alikuwa anamwombea mjukuu wake apone kikohozi kilichokwisha zamani.

Lililobaki ni langu. Siku moja kabla ya hapo nilirudi chumbani kuchukua mkasi, nikamkuta yuko katikati ya kukujibu. Alishasema "vizuri", ikatoka yote, safi. Akaendelea, "na... na...", jasho linamtoka, wewe ukamkata: "Ashukuriwe Mungu. Basi, tuombe." Akafunga mdomo, akafumba macho kwa adabu, kama mtu aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa. Kumbe zile "na, na" za mchana alikuwa anafanya mazoezi ili akuwahi. Niliona yote hayo. Nikachukua mkasi wangu nikatoka, kwa sababu nilikuwa na gauni la watu la kumaliza, na simu ilikuwa inanipa nafasi. Kwa hiyo usidhani nimekaa hapa na jiwe mkononi. Wewe ulirekodi, aliyekuwa anabonyeza ni mimi.

Ana jambo anataka kukuambia. Nimejaribu kulidaka mimi, hataki. Si langu.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Salamu. Wote wazima. Dawa zimo.

Barua yako nimeipata. Nadhani mmelichukulia kwa uzito mno. Mahubiri yanarekodiwa, nyimbo za kwaya zinarekodiwa, na watu wanabarikiwa hadi kulia. Neno la Mungu halipungui nguvu kwa kupita kwenye mashine. Yesu mwenyewe alimponya mtumishi wa yule akida bila kufika nyumbani kwake. Nilifanya vile kwa upendo, na wewe unajua ratiba yangu ilivyo. Kama Baba alikuwa na jambo, ungeweza kunipigia wakati wowote, simu yangu haizimwi.

Mdogo wako


22 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwa wifi na mtoto. Mvua zimekatika, vumbi limerudi, mimi na macho yangu tunasogea.

Kifurushi cha Juni kilikuja bila barua. Nikasema ni haraka ya kazi. Hiki cha Julai nacho kimekuja bila barua. Baba alitaka boksi liwekwe mapajani. Akatoa dawa, akatoa nepi moja moja, akatoa mafuta, halafu akapapasa chini mpaka kwenye kona. Kisha akavirudisha vitu vyote mwenyewe kwa ule mkono mmoja. Sikuweza kumtazama.

Ulisema utakuja mwezi wa saba, na unakwisha huu.

Kuhusu akida, nimewaza sana nikiwa kwenye cherehani. Ni kweli Yesu hakufika kwake. Lakini akida alipokuwa anaeleza shida yake, Yesu alimsikiliza mpaka akamaliza.

Baba aliteleza wiki iliyopita, daktari akaja. Anasema presha haishikiki, na kiharusi kingine kikija kinaweza kuyachukua haya maneno machache yaliyobaki, kama hakitamchukua mwenyewe. Ameyasema mbele yake. Tangu siku hiyo ameanza tena mazoezi. "Na, na." Njoo. Sina namna ya kulipamba neno hilo.

Dada yako


19 Agosti

Dada yangu,

Tumerudi nyumbani salama, mimi na ule mfuko wa mahindi uliotaka kunivunja bega. Kadogo alilala na shati ulilomshonea, hakukubali kulivua. Wifi yako anashukuru kwa gauni. Amesema hajawahi kuona bluu ya harusi ikikaa vizuri namna hiyo kwa mtu aliyekwisha olewa.

Nimekaa muda bila kuandika kwa sababu kila nikianza nafika mahali pamoja na kalamu inakataa. Wewe ulikuwa umekwenda kisimani siku ile, hukuona, na mimi sikukuambia. Niliondoka kwenu na tabasamu la mtu mwongo. Ngoja nikwambie.

Nilikuwa nimemnyoa mwenyewe. Wembe uliniteleza, nikamkata kidogo chini ya sikio, akacheka. Nikafuta sabuni, nikavuta ile stuli yako, nikakaa mbele yake magoti yakigusana. Nikamwambia, "Baba, dada ameniambia una jambo. Nakusikiliza." Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Akavuta pumzi. Akasema, "Na." Nikangoja. Akasema tena, "Na... we..." Mishipa ya shingo imemtoka, macho yake yameshika yangu, na mimi moyoni naomba kabisa, naomba kwa dhati kama sijaomba mwaka mzima, Bwana mfungue ulimi.

Simu ikatetema mfukoni.

Nilikuwa nimezima sauti. Niliapa njia nzima kwenye basi la kuja huko kwamba sitaigusa. Dada, mkono ulikwenda wenyewe. Sikuutuma. Ulikwenda kama unavyokwenda kufukuza nzi, na macho yakaufuata. Alikuwa mtu wa kundi anauliza maombi ya jioni yataanza saa ngapi. Ni hilo tu. Nilipoinua macho Baba alikuwa amefunga mdomo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinigonga goti kwa kiganja, mara moja, vile alivyokuwa akimgonga mteja begani akishamaliza kumnyoa, maana yake tayari, inuka, mpishe mwingine. Nikamwambia, "Baba samahani, endelea." Akatikisa kichwa, akaangalia dirishani.

Nikasema basi nimwombee. Nikashika mkono wake uliolala. Nikamwamkia, nikamwuliza ameshindaje, nikanyamaza kidogo, nikasema, "Ashukuriwe Mungu. Basi, tuombe." Nilikwenda mpaka kwenye mkono wa Bwana wenye nguvu ndipo nikasikia ninachokisema. Yalikuwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Hata kile kimya nilikiacha kwa urefu ule ule. Nimekaa magoti kwa magoti na baba yangu na bado nilikuwa ninacheza rekodi. Nilifungua jicho moja. Yeye alikuwa ameyafungua yote mawili, ananitazama, na nadhani alikuwa anasubiri kikohozi.

Sijui nilimalizaje. Uliporudi na ndoo tulikuwa tunaongea habari za mvua, maana yake naongea mimi.

Barua ya Mei uliyoniandikia nilikuwa nimeichana. Ile ya akida niliiandika nikiwa na hasira na wewe kwa sababu nilijua unasema kweli. Na vile vifurushi viwili sikuweka barua kwa makusudi. Nilitaka muone kwamba mnanihitaji. Nimeyaandika haya ili yasibaki mfukoni.

Mdogo wako


10 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Sina la kukukemea. Nilijua kuna kitu, maana uliondoka bila kumtania Baba hata mara moja.

Kwanza habari mbaya kidogo. Mguu wa kushoto nao umeanza kulegea. Daktari amebadilisha dawa. Anakunywa uji tu. Lakini kichwa chake kiko pale pale, jana amenionyesha kwa kidole kwamba nimeshona kifungo kinyume.

Halafu kuna hili. Jumamosi nilikuwa namnyoa. Nimempaka sabuni uso mzima, nimenyamaza kwa sababu wembe ulikuwa mpya na macho yangu unayajua. Sikumwuliza kitu. Sikuwa hata namwangalia machoni, naangalia ndevu. Akaanza. "Na." Nikainua wembe, nikangoja. Povu lilikuwa linakauka usoni. "Na wewe." Nikaendelea kungoja. Jirani alibisha hodi nje, sikuitika, akaenda zake. Maji kwenye beseni yalipoa. Nakwambia, sijawahi kungoja kitu namna ile, hata mchumba. Kisha likatoka lote, kila neno na pumzi yake.

"Na wewe, nani anakuombea?"

Nikadhani ananiuliza mimi. Nikamwambia, "Si ni wewe, Baba?" Akatikisa kichwa, povu likarukia shati, akanyoosha kidole kwenye lile boksi lako la dawa. Nikasema, "Unamwuliza yeye?" Akafumba macho kukubali. Alikuwa anatokwa na machozi, au ni sabuni.

Ndicho alichokuwa anakufukuzia tangu Februari, mdogo wangu. Ulikuwa unamwuliza ameshindaje, naye anakujibu, halafu anataka kukuuliza na wewe, kama mtu yeyote anayesalimiwa. Nafasi uliyomwachia ilitosha kusema "vizuri". Kurudisha salamu haikutosha.

Nimekuandikia kama alivyosema. Anasubiri jibu. Kila nikipita ananiangalia mikono kama nimeshika karatasi.

Dada yako


28 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako na Kadogo wanakusalimu. Kifurushi hiki hakina barua ya Baba, hii moja ni yenu wote wawili, msomee yote na usiruke aibu yangu popote.

Nilipopata swali lake nilimwuliza kwanza mke wangu, jioni, anachua miguu. Nikamwambia, "Hivi wewe huwa unaniombea?" Alifikiri kabla ya kujibu, na hapo nikajua. Akasema zamani alikuwa ananiombea, akaacha, kwa sababu alidhani wale wa kwenye simu wanatosha. Alisema kwa upole. Akaona haya yeye, wakati aibu ni yangu.

Kesho yake, ile saa ya maombi, niliwaambia watu wa kundi ukweli. Niliandika kwamba miezi ile niliyokuwa ninawaongoza, baba yangu mgonjwa nilikuwa nimemwekea rekodi, na kwamba siongozi tena, nami naomba waniombee. Wakanitumia picha za viganja vilivyokunjwa. Zilikuja nyingi, skrini ikajaa, zikaendelea kuja mpaka chaji ikakaribia kwisha. Nikakaa kitandani nikisubiri mmoja wao anipigie, aniulize nina nini. Hakuna aliyepiga. Siwalaumu. Mimi nimewatumia viganja hivyo hivyo katika misiba yao, nikiwa nakula.

Tangu hapo ile saa ikifika naiweka simu kabatini, natoka kukaa kwenye ngazi za nje. Mkono unaenda mfukoni wenyewe na kurudi mtupu. Nikifumba macho kuomba, yanakuja maneno ya rekodi, nayakatisha. Nikiyakatisha nabaki sina kitu. Jana nilikaa hivyo mpaka Kadogo akaja kukaa pembeni yangu. Akaniuliza, "Baba, unamsubiri nani?"

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja na gari la vifurushi linalofuata hili, simu naiacha kwa wifi yako, kwa hiyo sitaweza kukwambia nimefika wapi. Utasikia hodi.

Lakini daktari amesema alivyosema, na barabara ni ndefu, kwa hiyo jibu lisiningoje mimi. Baba ameuliza nani ananiombea. Mwambie hakuna, Baba. Sikujua kama hakuna mpaka ulipouliza. Dada, mwambie polepole, halafu weka mkasi chini, ukae, umsubiri.

Mdogo wako